Treni ya Zaina ilikuwa inapinda

Bénédicte,

Umetoka kwenda Kasungami kumuaga shangazi yako, na najua hutarudi upesi, maana yule mwanamke hamwachi mtu aondoke kwake bila kumlisha. Vizuri. Nimepata nafasi ya kusema bila wewe kunikatiza. Nikisema kwa mdomo nakuwa mkali, wewe unamjibu bibi yako "Nkambo, acha," unavaa viatu, unatoka. Karatasi haivai viatu.

Naandika Kiswahili cha masista, kile walichotufundisha kabla baba yangu hajaniondoa shuleni. Makosa utayaona. Usiyasahihishe. Nakujua, mkono wako tayari unatafuta biki nyekundu.

Sitakuambia habari za chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala wanaume wa huko Mitwaba unakokwenda kufundisha. Hayo shangazi yako yuko anakuambia sasa hivi, nawe unaitika "ndiyo" huku unatazama simu. Mimi nataka kusema juu ya lile sanduku la karton uliloliweka karibu na mlango, lenye vitu vya watoto wa Jumamosi, unavyobeba ukawaonyeshe wanafunzi wako wapya. Juu kabisa umeweka treni. Juu ya treni umebandika karatasi: "Imetengenezwa na Zaina, Lubumbashi." Karatasi ile ni uongo. Kesho asubuhi unapanda nayo kwenye kamio, lile lori la Mitwaba.

Jana nilikuuliza kwa upole, na upole wangu unajua ni kitu adimu.

"Ile treni inaenda wapi?"

"Mitwaba, Nkambo. Batoto ba kule baone mufano."

"Mufano ya nani?"

"Ya Zaina. Jina yake iko pale, hauone?"

"Zaina mwenyewe alisema haiko yake."

"Nkambo, yee iko mutoto."

Ukafunga sanduku. Mazungumzo yakaisha. Ndiyo maana nimenunua karatasi.

Ulipoanza zile Jumamosi zako mimi ndiye niliyepinga, sikatai. Watoto wa avenue nzima ndani ya kiwanja changu, wanakata makarton, wanayeyusha plastiki kwenye mbabula ya mkaa niliyowasha kwa ajili ya maharage, wanakoroga unga wangu wa bukari, ugali wetu, kufanya kole ya kubandikia. Ile ndege yenu kubwa ya karatasi mliipaka uji wa unga, mkaisukuma chini ya kitanda ikauke, panya wakala mabawa yote. Nikakuambia panya peke yao ndio walioelewa ile ndege ilikuwa nini. Hukucheka. Ulinuna mpaka jioni, ukaanza mabawa upya.

Lakini nilikuwa nasikiliza. Nilikaa jikoni nachagua maharage, mgongo nimewapa ninyi, masikio nimeyaacha uani. Kila Jumamosi uliwafundisha mvumbuzi mmoja: yule aliyefanya simu, yule wa ndege, yule wa mashine ya kuchapa vitabu. Majina yao sikuyashika, na wale watoto pia hawakuyashika, usijidanganye. Walichoshika ni kazi. Walichonga muhogo mbichi, wakauchovya katika masizi na mafuta, wakachapa majina yao kwenye ukuta wangu; mpaka leo yapo, hayatoki hata kwa brashi. Walitoboa mikebe ya maziwa, wakaifunga uzi, mmoja akasimama karibu na choo, mwingine getini.

"Alo, weye uko mujinga."

"Alo, mujinga njo ule anaita."

Ile ndiyo simu. Hata wewe ulishindwa kuwagombeza.

Na siku ile mtoto wa fundi saa alipokuuliza nani alivumbua bukari. Ukasimama mdomo wazi, mwalimu mzima. Mwenzake akamjibu kabla yako: "Njala njo ilivumbua." Nilicheka mpaka sahani ya maharage ikamwagika. Nilijificha nyuma ya mlango ili usione nimefurahi. Hiyo ni tabia mbaya yangu nyingine, lakini leo si zamu yake.

Ninachokumbuka zaidi ni habari ya mzungu wa taa. Uliwaambia alijaribu nyuzi za kila namna ndani ya chupa, zikaungua, akajaribu nyingine, zikaungua, watu wakamcheka. Ukasema, "Batoto, kukosa haiko haya. Kukosa njo kazi yenyewe." Maneno matamu. Nikajiuliza huyu mtoto ameyatoa wapi, maana si katika nyumba yangu.

Halafu ikaja Jumamosi ya treni.

Zaina wa Mama Feza, mlango wa pili, wale Waislamu wa Maniema wanaouza makala, yaani mkaa, ni mtoto asiyesema. Anakuja na mikono myeusi, anakaa pembeni, anaondoka. Wengine wote siku ile walitaka treni yao ifanane na ile ya kwenye picha yako. Yeye alikusanya mikebe ya tomate, akaiunga kwa waya, na kwa magurudumu akakata magunzi ya mahindi. Gunzi upande wa shina ni nene, upande wa ncha ni jembamba. Manene akayatia kulia, membamba kushoto. Ukiisukuma, ile treni haikwenda mbele. Ilipinda, ikazunguka uani polepole kama mlevi anayetafuta mlango wake, ikarudi kumgonga Zaina kwenye mguu. Watoto walianguka kwa kucheka. Yeye alingoja wamalize.

"Ya miye inarudiaka ku nyumba," akasema.

Akaisukuma tena, ikarudi tena. Wakaacha kucheka. Wakapanga mstari, kila mmoja apate kuisukuma.

Bene, baba yangu alitoka Mitwaba kwa miguu kuja kutafuta kazi ya reli, na alituambia kila siku kwamba alitembea vile ili watoto wake wasirudi kule. Sasa wewe unarudi, lakini hilo ni lako na Mungu. Ninachosema ni hiki: katika nyumba yetu reli ilitulisha na reli ilituchukulia watu. Kaka zangu walipanda treni, mmoja baada ya mwingine, na mama alisimama stesheni akipunga kitambaa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiria treni inayorudi yenyewe. Mtoto wa muuza makala aliifikiria, kwa magunzi, katika kiwanja changu. Wewe unafundisha wavumbuzi. Mvumbuzi alikuwa amechuchumaa mbele yako na pua inatiririka, na wewe ulimwambia nini?

"Iko muzuri, Zaina. Magurudumu tutarekebisha."

Ulikuwa na haraka, naelewa. Masista wa Mitwaba walikuwa wanakuja kutafuta mwalimu, na mkaguzi wa shule pamoja nao, na padri alikuwa amekupa sali, ukumbi wa parokia, uweke maonyesho. Wiki ile ulifanya kazi kama fundi wa majeneza wakati wa kipindupindu. Ulikata upya, ulipaka rangi upya, ulinyoosha kila kilichopinda. Watoto walikuja ukawafukuza: "Kesho, kesho, rangi haijakauka." Mtoto wa fundi saa alifurahi alipoona kamera yake ya karton imekuwa nzuri, akaanza kudai hata rangi ni ya mkono wake. Watoto wa namna hiyo wapo, watakuwa wanasiasa. Magunzi ya Zaina uliyang'oa ukayatupa kwenye mbabula, ukaweka vifuniko vya plastiki, vyote sawa sawa. Niliyaona yakiungua. Nilichemshia chai yangu juu yake.

Siku yenyewe sali ilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Zaina alikuwa amevaa kitambaa kipya cha kichwa. Ulimwita asukume. Akasukuma. Treni ikapita juu ya meza ndefu, imenyooka kama rula, ikasimama mbele ya mkaguzi. Watu wakapiga mikono. Zaina akabaki na mkono wake hewani, na mimi niliyekaa mbele niliona anangoja nini. Alikuwa anangoja irudi.

Haikurudi. Akakutazama, akasema kwa sauti ndogo:

"Mwalimu, hii haiko ya miye."

Ukamshika bega, ukawageukia wageni, ukasema, "Anasikia haya."

Wakacheka kwa upole, kama watu wa kanisa wanavyocheka. Sista mmoja akaandika kitu. Nami nilipiga mikono pamoja nao, tena kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu mjukuu wangu alikuwa amevaa vizuri na wageni wanamtazama. Kazi ya Mitwaba uliipata mchana ule. Sikuambii uikatae, nani anakataa kazi katika mji huu. Lakini ujue ni treni gani iliyokufikisha.

Unaposoma hapa umeshakasirika. Unasema, huyu bibi kizee ananihukumu, yeye ambaye hajawahi kufundisha hata mbuzi. Kaa chini. Sijamaliza, na sehemu iliyobaki si yako.

Nilipokuwa msichana mama yangu alinipeleka foyer, pale walipowafundisha wasichana wa kambi ya reli kushona na kudarizi. Nikadarizi kuku. Miguu yake ilipinda, mkia ulizidi mwili, na mguu mmoja ulikuwa mfupi. Ulikuwa mfupi kwa sababu alikuwa kuku wetu, yule aliyebanwa na mlango, na mimi ndivyo nilivyotaka. Wageni walikuwa wanakuja. Wageni, kila mara wageni. Bibi wa foyer akafumua nyuzi zangu zote, akadarizi kuku wake, kuku wa kitabuni mwenye miguu mizima, akaandika chini: Véronique. Wageni wakanisifu. Mama akakitundika kile kitambaa ukutani juu ya redio, na kila aliyeingia kwetu alionyeshwa, kisha naitwa kutoka uani nije niseme asante. Kuku yule alinitazama mpaka mama alipokufa. Sikushika sindano tena. Vifungo vya sare yako ya shule vilikuwa vinapelekwa kwa fundi, na hukujiuliza hata siku moja kwa nini.

Mtu aliyefanyiwa hivyo ungedhani atajifunza. Sikujifunza kitu. Nilijifunza tu kuwa bibi wa foyer.

Mama yako Odile alipoanza kusonga bukari alikuwa analeta madonge. Kila mtoto analeta madonge. Mimi sikuweza kuyatazama, yalikuwa kama mchanga ndani ya jicho langu. "Leta huku," nikamnyang'anya mwiko. Kesho yake, leta huku. Mwisho akaacha kuuomba. Akakaa mlangoni na wenzake wanasukana nywele, nami nikamwita mvivu mbele ya watu. Alipoolewa kule Likasi, unajua desturi: bibi arusi anasonga bukari ya kwanza mbele ya wakwe, na wamama wanakaa pembeni kimya wanatazama mkono wake. Odile akasonga. Mama mkwe wake akatia tonge mdomoni, akalitoa, akaliweka ukingoni mwa sahani, akauliza bila hasira yoyote:

"Kwenu hakuna mikono?"

Habari ilifika huku kwetu Kenya, mtaa huu wa Lubumbashi, kabla ya Odile mwenyewe. Nami, badala ya kwenda kujificha, nilimngoja getini na maneno. Nilimwambia amenivua nguo mbele ya watu. Alinisikiliza mpaka nilipoishiwa pumzi, akasema, "Mama, mwiko njo ulikuwa kwako."

Ndilo neno la mwisho la kweli aliloniambia. Wewe alikuleta baadaye usome huku, kwa sababu shule zilikuwa karibu, akakuweka chini na mfuko wako kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. Sasa anapiga simu wakati wa Noeli, anauliza kama mvua ipo, kama umeme upo. Watu wa avenue wanasema mume ndiye anamzuia kuja. Nawaacha waseme. Kamio yako itasimama Likasi. Ukimwona, usimpelekee salamu zangu. Atashtuka, atafikiri nimekufa.

Na wewe sikukuacha salama. Unakikumbuka chungu cha shule? Mwalimu wenu alitaka kila mtoto afinyange kwa mikono yake. Chako kilivimba upande mmoja kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Ulikwenda kuchota maji, nami nikakivunja, nikafinyanga kingine, na uliporudi ulikikuta kimenyooka. Hukuuliza. Ulipata pointi kuliko wote. Nilikuona ukirudi siku ile, unatembea unatazama miguu yako. Lakini mwalimu akakusifu tena, majirani wakakusifu, mimi nikakusifu, na kabla wiki haijaisha ulikuwa unatembea unatazama juu. Pale ndipo nilipokuharibu. Si kwa fimbo, fimbo haikukufanya kitu, una ngozi ya baba yako. Nilikuzoeza kuvaa sifa ya mkono wa mwingine kama nguo ya kuazima, mradi mwenyewe hayupo.

Kwa hiyo ulipomnyooshea Zaina treni yake, sikushangaa. Nilijua kazi ile. Ilikuwa yangu.

Jana nilikwenda kwa Mama Feza kununua makala. Alitoa simu yake kabla sijaweka ndoo chini.

"Bibi Véro, angalia. Treni ya mutoto wangu. Nilituma mpaka Kasongo, bashemeji bote bameona. Banasema huyu atakuwa ingenia."

Ana furaha, maskini. Anaitundika kwenye simu kama mama alivyomtundika kuku. Zaina alikuwa nyuma yake anachambua makala, makubwa huku, vumbi kule. Nikainama karibu naye.

"Bene anaenda kesho kutwa. Hautakuja kumuaga?"

"Niko na kazi."

"Na treni? Haufanye ingine?"

Akaendelea kuchambua.

"Miye sijue kufanya bintu, Nkambo. Mwalimu Bene njo anajua."

Hakulia, Bene. Angelia ningerudi nyumbani nimetulia. Alisema kama mtu anayekuambia leo hakuna mvua.

Utakwenda Mitwaba na watoto wa kule wataleta vitu vilivyopinda. Watakata vibaya, watapaka rangi nje ya mstari, watafanya ndege isiyo na mkia na kukuambia ndivyo walivyotaka. Mikono yako itawasha. Najua inavyowasha, ni mikono yangu hiyo, nilikurithisha kabla sijakurithisha hata sufuria. Ikalie. Hata mbele ya mkaguzi. Mimi sikuweza hata mara moja, kwa hiyo siwezi kukuambia jinsi inavyofanyika. Naweza kukuambia tu nyumba inavyokuwa baadaye, kimya, na bukari nzuri sana ambayo unakula peke yako.

Leo nimefikiria mengi juu ya sanduku lako. Kubandua ile karatasi. Kuitoa treni nikaifiche chini ya kitanda, panya nao wapate zamu. Kumwita Zaina nimrudishie kabla hujafika. Nilikwenda mpaka mlangoni, nikainama, nikashika kamba. Nikaona mkono wangu uko tena juu ya kitu chako. Nikauondoa, nikaja kuandika.

Liko vile ulivyoliacha. Asubuhi kwa Mama Feza wanaamka mapema kwa sala, na kamio haiji kabla ya jua. Unaweza kupita na treni ile mkononi, umwambie Zaina mbele ya mama yake nani aliyetia vile vifuniko, na nani aliyeyachoma magunzi. Mama yake atakasirika, picha imeshafika Kasongo. Zaina huenda hatakujibu. Au unaweza kwenda nayo, na watoto wa Mitwaba watanyoosha vyao vifanane na hiyo, na watu watasema una kipaji, na hakuna atakayejua isipokuwa mtoto mmoja anayechambua makala. Mimi sitakusindikiza kwenye mlango ule, na ukirudi sitakuuliza ulisema nini.

Kamba umeifunga vibaya. Fundo limekaa upande, na barabara ile italifungua kabla hamjafika mbali. Nimefunga mizigo ya kamio tangu kabla mama yako hajazaliwa. Ningelifunga tena wakati wino huu haujakauka. Nimeliacha. Likifunguka utashuka, utalifunga wewe.

Nkambo wako,
Véronique